Bwana P. Azuru Margate

Katika London ya siku zile mtu hakuhesabiwa kuwa mtu mpaka achekwe. Usinibishie, nimekaa pale. Ungeweza kuwa na kiwanda, gari la farasi wawili na fimbo yenye kichwa cha fedha, lakini kama sura yako haijawahi kubandikwa kwenye dirisha la duka la picha la Bi. Mudge, umechorwa tumbo kama pipa au masikio ya punda, basi wewe ulikuwa mpita njia tu. Mawaziri walichorwa wamepanda nguruwe. Maaskofu walichorwa wakinyonya chupa. Wenyewe walisema ni upuuzi wa wahuni, kisha wakatuma mtumishi apitie mlango wa nyuma akawanunulie nakala za kuwapa wakwe.

Obadia Pluckrose, mtengeneza mishumaa wa Holborn, hakuwahi kuchorwa hata siku moja, na jambo hilo lilimuuma kuliko jino bovu.

Lilimuuma zaidi siku za Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku Klabu ya Mbavu ilipokutana katika baa ya Kondoo Mweupe, wafanyabiashara watupu, kula mbavu za ng'ombe na kulalamikia kodi. Na klabu ile ilikuwa na desturi yake: kila mwanachama alikaa chini ya picha yake mwenyewe, picha ya kumdhihaki, iliyotiwa fremu na kutundikwa ukutani. Muuza nyama alikaa chini ya ng'ombe mwenye uso wake. Mng'oa meno alikaa chini ya picha inayomwonyesha ameng'oa jino pamoja na kichwa. Mwenyekiti wao, Horace Tench, mpika bia mwenye sauti ya kengele, alikuwa na picha mbili, na kiti chake kiliwekwa katikati ili zote mbili zimhusu.

Pluckrose alikaa mlangoni, penye baridi, chini ya picha ya gati la Margate, mji wa mapumziko wa pwani. Wala si kwamba ilikuwa picha mbaya. Bahari ilikuwepo, mashua zilikuwepo, mawe ya gati yamechorwa moja baada ya jingine kwa subira ya ajabu, na watu wadogo wadogo wakitembea na mbwa. Pluckrose alikuwa amewachunguza watu wale mmoja mmoja kwa miwani ya mkewe. Hakuwemo.

"Margate, nipitishie haradali," wenzake walimwambia. Ndivyo walivyomwita. Jina lake la ubatizo walikuwa wamelisahau.

Alhamisi moja, msimu wa joto ukielekea ukingoni, Tench akagonga meza kwa mfupa.

"Ndugu zangu, kuna kijana muuza hariri anataka kuingia. Kachorwa akianguka kwenye mtaro. Picha safi kabisa, miguu juu. Tatizo ni kiti."

Macho yote yakaenda mlangoni.

"Mimi nipo," akasema Pluckrose.

"Upo, Margate, nani kakataa? Lakini klabu ni klabu. Karamu ya bata bukini ya Mtakatifu Mikaeli inakaribia. Asiye na picha siku hiyo ampishe mwenziwe. Mnasemaje?"

Wakagonga meza kwa vijiko. Hata mtumishi aliyemwekea Pluckrose supu aligonga. Mtu akitengwa na watu anaowadharau anaweza kujifariji, lakini Pluckrose aliwapenda wale walafi. Alikuwa hana marafiki wengine.

Nyumbani, mkewe Kezia alimpakulia njegere za kuponda na kipande cha nguruwe, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hebu nikuelewe vizuri, mume wangu. Wenzako wanakimbia wasichekwe. Wewe kicheko unakifukuzia barabarani na kofia mkononi?"

"Si kicheko, Kezia. Ni heshima."

"Heshima ya masikio ya punda?"

"Hata ya punda nitashukuru. Wakinipa na mkia, nitashukuru zaidi."

"Haya, kula. Njegere hazichorwi, zinapoa."

Asubuhi yake akaenda kwa Bi. Mudge. Tabitha Mudge alikuwa mjane mwenye pua kali na ulimi mkali kuliko pua. Duka lake lilikuwa na dirisha moja kubwa lenye vioo vingi, na kila kioo kilikuwa na picha nyuma yake, hivi kwamba umati ulisimama pale nje tangu asubuhi hadi giza, wakicheka bure. Kioo kimoja cha chini kilikuwa kimevunjwa zamani na mlevi, na Bi. Mudge, badala ya kununua kingine, alikuwa ameziba tundu kwa picha ya gati la Margate. Margate ilikuwa haiuziki. Ndani, nyuma ya dirisha, palikuwa na meza ndefu ya wanawake wapaka rangi. Kila mmoja alikuwa na rangi yake moja na brashi yake moja, na karatasi zilipita mkono kwa mkono: huyu anapaka mbingu, huyu majani, huyu makoti ya bluu, na wa mwisho, mama mmoja mnene mwenye nyekundu, yeye kazi yake ilikuwa pua.

"Mnachora kila mtu," Pluckrose alianza. "Mimi nimewakosea nini?"

Bi. Mudge akamtazama. "Samahani, ni nani mwenzangu?"

"Obadia Pluckrose. Nimekuwa nikija hapa kila wiki."

"Kumbe! Mishumaa!" Akageuka. "Fitch! Njoo umwone huyu bwana anayetaka kutukanwa."

Josiah Fitch ndiye aliyekuwa mchoraji wa duka. Alikuwa na kipaji cha kutisha: akikutupia jicho mara moja, ameshaona aibu yako yote, na kabla hujapiga chafya amekwisha kuichora kwenye bamba la shaba la kuchapia picha. Akamkalisha Pluckrose kwenye kiti, akamtazama, akainama kuchora. Kalamu ikasimama. Akainua kichwa, akamtazama tena, akainama. Ikasimama tena.

"Niwie radhi, mzee. Ulikuwa unafananaje?"

"Si niko hapa mbele yako!"

"Nikikutazama nakuona. Nikitazama chini unatoka. Pua ya kawaida. Macho, sawa, mawili. Una kilema chochote?"

"Goti huniuma wakati wa baridi."

"Maumivu ya goti hayachoreki. Unalewa?"

"Kidogo, Krismasi."

"Mkeo anakupiga?"

"Hapana."

"Wewe unampiga?"

"Mungu apishe mbali. Angeniua."

Fitch akaweka kalamu chini kwa huzuni ya kweli. Alikuwa fundi, na fundi hapendi kushindwa. "Bi. Mudge, huyu mtu ni msafi kama sahani iliyooshwa. Hana pa kushika."

Bi. Mudge hakuwa mtu wa kumwacha mteja aondoke mikono mitupu. Shaba ilikuwa ghali, na maduka yote ya picha yalikuwa na ujanja uleule: waziri akianguka, unalichukua bamba lake, unakikwangua kichwa, unaweka cha waziri mpya, mwili unabaki palepale. Stoo yake ilijaa viwiliwili vinavyongoja vichwa. Akaenda akarudi na bamba la waziri mmoja aliyepanda nguruwe kinyumenyume.

"Huyu alifutwa kazi mwaka juzi na hakuna aliyemlilia. Kata kichwa, weka cha Mishumaa. Jina hatuandiki, tusije tukapelekwa mahakamani. Mtu anayejulikana hujulikana bila jina."

Pluckrose karibu ambusu mkono.

Jumamosi picha ikabandikwa. Akavaa wigi lake jipya na koti lake refu, akamchukua Kezia, wakaenda. Kutoka mbali wakasikia umati ukiangua kicheko, na moyo wa Pluckrose ukamwenda mbio kama wa bwana harusi. Umati ulikuwa umejaa mpaka ukaziba mlango wa duka. Wakajipenyeza mpaka mbele kabisa, dirishani. Yule pale! Juu ya nguruwe! Ana tumbo, ana mbavu ya ng'ombe mkononi, na pua yake nyekundu kama nyanya!

"Tench!" mtu akapiga kelele. "Tazameni Tench mpika bia!"

"Ni Tench mtupu! Hata nguruwe kafanana naye!"

Pluckrose akaganda. Nadhani umeshaelewa kilichotokea. Fitch alianza vizuri, lakini katikati ya kazi uso wa Pluckrose ukamponyoka, na mkono wake, kwa kutoachia nafasi wazi, ukaweka uso ulioujua, uso uliokwisha kuuchora mara mbili.

"Kwa kweli," Kezia akaanza taratibu, "ukiangalia kile kidevu..."

"Usiseme, Kezia."

"Sisemi. Lakini ni cha Tench."

Na shetani akitajwa hayuko mbali. Tench mwenyewe alikuwa anakuja kwa miguu, tumbo mbele, amekwisha kusikia. Akavua kofia kwa umati kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Asanteni, asanteni sana. Ya tatu hii. Sasa nitahitaji ukuta mzima. Haa, Margate! Na wewe umekuja kuniona?"

Hapo subira ya Pluckrose, ambayo ilikuwa imevumilia haradali na upepo wa mlangoni kwa miaka mingi, ikakatika.

"Yule ni mimi!" akapiga ukelele.

Kicheko kikakoma. Watu wakamtazama, wakaitazama picha, wakamtazama tena.

"Wewe ndiye nani?" akauliza mama mmoja muuza chaza.

"Obadia Pluckrose! Mishumaa! Holborn!"

"Mimi nanunua mishumaa yake," akasema mwingine, "lakini huyu simjui."

"Tazameni vizuri!" Akavua wigi, akamkabidhi Kezia. Akavua na koti, maana hasira ilikuwa imempandisha joto. "Tazameni pua! Tazameni huku kwa pembeni!"

"Ee baba," akasema yule wa chaza kwa upole, "sasa ndiyo umezidi kutofanana na mtu yeyote."

"Mwacheni jamani, ni wivu," Tench akasema. "Margate, nenda nyumbani ukanyooshe miguu."

Kulikuwa na mtu mmoja tu karibu aliyeweza kutoa ushahidi, Bi. Mudge, naye alikuwa ndani anakunywa chai. Pluckrose akatazama mlango: hapakuwa na pa kupitisha hata paka. Akatazama dirisha. Pale chini, mbele ya magoti yake, gati la Margate lilikuwa linatikisika kwa upepo, karatasi tupu isiyo na kioo. Akainama, akakitumbukiza kichwa katikati ya bahari, karatasi ikapasuka pwaa, mabega yakafuata, na akajikuta ana kwa ana na meza ya wapaka rangi.

"Bi. Mudge! Waambie! Waambie yule ni nani!"

Bi. Mudge akashusha kikombe. "Bwana Mishumaa, nyumba hii ina mlango."

"Mlango umejaa watu!"

"Na dirisha langu limejaa wewe."

Yule mama mwenye nyekundu alikuwa mwisho wa meza, na kichwa cha Pluckrose kilikuwa kimeibukia mbele yake kabisa. Kwa siku nzima alikuwa akipaka pua moja baada ya nyingine bila kuinua macho. Brashi ikaenda yenyewe. Pluckrose akahisi ubaridi kwenye pua.

"Nisamehe, mzee," yule mama akasema, akashika mdomo. "Ni mazoea."

Pluckrose akaona ni afadhali arudi nje. Akavuta. Mabega yakakataa. Akavuta tena, mbao za dirisha zikalia, wala hazikuachia. Na hapo ndipo alipogundua kwamba huko nje pamekuwa kimya. Kisha kikaanza kicheko, na kicheko kile hakuwahi kukisikia hata waziri alipochorwa amevaa sketi. Kilianzia chini kama radi ya mbali, kikapanda, mtu mmoja akawa anapiga mayowe aokolewe.

"Wanacheka nini?" akauliza.

Bi. Mudge akapanda juu ya stuli, akachungulia nje kwa juu. Mjane yule hakuwa amecheka tangu mazishi ya mumewe, na hata siku hiyo alicheka kidogo tu. Akashuka stuli akiwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka, asiweze kujibu.

Sasa tuseme ukweli, kwa adabu kadiri inavyowezekana. Pluckrose maisha yake yote alivaa koti refu, na kila alipokutana na watu aliwaelekezea uso, akitumaini wataukumbuka. Hakuna aliyewahi kumwona kwa nyuma akiwa ameinama, bila koti, na suruali inayombana. Mwenyezi Mungu alipomuumba, uso aliufanya harakaharaka, kama kazi ya Jumamosi jioni, lakini ustadi wake wote akauweka nyuma. Yalikuwa makalio yenye cheo. Upande wa kushoto ulionekana umeshangaa, wa kulia ulionekana umeudhika, na alipofurukuta kutaka kutoka, yakawa kama madiwani wawili wanaobishana. Nyani haoni kundule. Maskini Pluckrose hakuwahi kujua kwamba utajiri wake wote alikuwa ameukalia.

"Na nyinyi mnatazama nini?" Kezia akafoka, mikono kiunoni. "Huyo ni mume wa mtu! Obadia, tulia nikuvute!"

"Asivutwe!" sauti ikapasuka kutoka nyuma ya umati. "Kwa jina la Mungu, mtu asimguse!"

Alikuwa Fitch. Alikuwa anarudi kutoka kula, andazi la nyama mkono mmoja na bamba jipya la shaba kwapani. Andazi likaanguka. Alisimama ametumbua macho kama mtu aliyepotelewa na kitu miaka na miaka na sasa amekiona sokoni.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Pluckrose! Mishumaa! Holborn!" umati ukajibu kwa pamoja, kwa maana alikuwa amewapigia kelele jina hilo mpaka wamelikariri.

"Kumbe alikuwa nacho," Fitch akanong'ona. "Kumbe alikuwa nacho siku zote, na mimi nikamkalisha kwenye kiti!"

Akatafuta meza ya kuwekea bamba. Meza hakuna. Akamwona Tench. "Bwana Tench, hebu inama kidogo, mzee wangu."

"Mimi? Hivi?" Tench akainama mara moja, akatabasamu kwa pembeni, kwani alidhani anachorwa mara ya nne. Fitch akambwagia bamba mgongoni na kuanza kazi.

Ndani, Pluckrose alikuwa haoni lolote isipokuwa mafundo ya mbao za meza. "Bi. Mudge, mbona mke wangu havuti?"

"Fitch kamkataza. Anachora."

"Anachora nini?"

"Anakuchora wewe."

Pluckrose akajaribu kugeuza shingo. Kisha, kwa sauti ndogo: "Lakini uso wangu uko huku."

"Ndiyo. Na yeye yuko huko."

Wapaka rangi waliacha brashi hewani. Nataka ujue kwamba Pluckrose hakuwa mjinga. Alielewa vizuri sana ni nini kilichokuwa kinachorwa. Angeweza kupiga kelele, Kezia angemvuta, na mbao zile zingeachia kwa mvuto mmoja wa mwanamke mwenye hasira. Akaufikiria uso wake, ambao hakuna aliyeutaka. Akafikiria vijiko vikigonga meza. Akafikiria muuza hariri amekaa mahali pake, pale mlangoni.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Bwana Pluckrose," Bi. Mudge akamwambia, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina lake. "Na wewe umeshainama."

Pluckrose akavuta pumzi. "Mwambie Fitch asifanye haraka," akasema. "Na uniombee radhi kwa mke wangu."

Radhi zikapelekwa. Jibu la Kezia lilipita tundu la dirisha bila kuhitaji mjumbe, na sitalirudia hapa. Lakini hakuvuta. Alisimama palepale ameshika wigi na koti, akamkaripia kila aliyesogea karibu mno. Ndani wakamnywesha Pluckrose chai kwa kijiko, na yule mama wa nyekundu, kwa kufidia kosa lake, akamfuta pua. Haikutoka vizuri.

Picha ilitoka katikati ya wiki, chini yake imeandikwa *Bwana P. Azuru Margate*, na London ikapagawa. Wapaka rangi walifanya kazi mpaka vidole vikakakamaa, na safari hii mwenye nyekundu hakuwa na pua ya kupaka, ikabidi atafutiwe kazi nyingine, akapewa suruali. Bamba hugeuza kila kitu, kulia kuwa kushoto, na Fitch katika haraka yake alikuwa amesahau kuchora kinyume. Hivyo kwenye picha mlango wa duka ulitokea upande usio wake. Mzee mmoja mpenzi wa picha za mahali, zile za madaraja na makanisa, alikuja kila siku kulalamika.

"Mlango wenu uko kulia, nyinyi mmeuweka kushoto! Huu ni upotoshaji!"

"Na hayo mengine, mzee?" Bi. Mudge akamuuliza.

"Hayo mengine," akasema mzee, akisogeza miwani, "yako sawasawa."

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Harufu ya bata bukini ilijaa mtaa mzima. Pluckrose akafika Kondoo Mweupe amevaa vizuri, uso umeng'aa kwa sabuni. Bawabu akamwekea mkono kifuani.

"Samahani, mzee. Leo ni wanachama tu."

Wiki chache nyuma angejieleza mpaka mate yakauke. Sasa alifanya nini? Aligeuka taratibu, akaliinua koti.

"Lo! Bwana Pluckrose!" bawabu akapiga kelele. "Si useme! Karibu, karibu ndani, pita!"

Wakampokea kwa vijiko. Margate ilikuwa imeshushwa na kupelekwa chooni, na muuza hariri alikuwa amesimama kando ya jiko na sahani yake mkononi akingoja mtu afe. Picha ya Pluckrose ilitundikwa katikati ya ukuta, kubwa, imetiwa fremu ya dhahabu, na chini yake kiti. Tench, mgongo bado unamuuma, ilimbidi ahamie pembeni na picha zake tatu. Desturi ni desturi. Akasimama, akainua bilauri kwa uchungu.

"Kwa ndugu yetu Pluckrose!"

"Pluckrose!" wakapokea wote, wakanyanyua bilauri kuuelekea ukuta, macho yote yapo juu ya kichwa chake. Walinywa, wakaishangilia ile picha, wakaisimulia mizaha, wakaiuliza habari za bahari. Pluckrose alikaa chini yake akitabasamu, akageuza shingo huku na huku kumtafuta wa kumtabasamia, hakumpata. Akala bata wake. Alikuwa bata mzuri.

Njiani kurudi ilikuwa vilevile. Waliokuja mbele yake walimpita kimya kama wanavyopita nguzo. Kisha, akishawapita: "Ee! Si Pluckrose huyo? Margate hawajambo?" Jioni ile peke yake alijifunza kuvua kofia bila kugeuka. Furaha ilikuwa imemjaa, sitamsingizia. Alikuwa mtu maarufu. Ila ilikuwa furaha ya ajabu, ya kuisikia ikitokea nyuma, na wewe unatazama barabara tupu.

Akabisha nyumbani kwake. Akasikia hatua za Kezia zinakuja, na bila hata kufikiri, ili anayefungua amjue, akaugeuzia mlango mgongo.

Mlango ukafunguliwa.

"Obadia," Kezia akasema.

"Naam."

"Huko mjini wamjue wanayemjua. Huyu wa nyuma mimi sikuolewa naye. Hebu geuka."

Akageuka. Kezia akainua mshumaa, akamtazama usoni, hakuwa na haraka, akamfuta mafuta ya bata shavuni kwa pindo la aproni. "Umechoka, mume wangu," akamwambia. Na Pluckrose, aliyeshangiliwa jioni nzima, akasimama pale mlangoni machozi yanamlengalenga.